Polepole Hadi Rumonge Kumchukua Keza

Kila mmoja wenu amenipigia simu kivyake kuniuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimemweleza kipande. Josiane anajua habari ya keki. Mama Bella anajua habari ya tope. Wale wa kwaya wamesikia kwamba nilimpakia mama mkwe na hawaamini. Naandika yote mara moja, msome, halafu mniache nipike. Karatasi za pikipiki na ruhusa ya kazini sitazitaja, hazina utamu. Nitawaeleza njia.

Kwamba nilikuwa na hasira mnajua. Mtoto wangu Keza, wa miaka mitatu, alipelekwa Rumonge kwa bibi yake akae wiki mbili, na wiki mbili zikawa miezi saba. Baba Keza yuko barabarani na lori lake kati ya hapa Bujumbura na Kigoma, tunamwona kama mwezi mwandamo. Basi la Rumonge likipata mafuta leo, kesho halina. Na mama mkwe alitoa neno moja kwenye simu, akawa analirudia kila Jumapili baada ya misa: mtoto hapandi gari la watu asiowajua, na hapandi piki ya mtu anayeanguka.

Mtu anayeanguka ni mimi. Aliniona kwa macho yake, siku ile ile aliyokuja kumchukua Keza. Nilikuwa natoka kununua mkate kwa piki ya mume wangu. Nikafika kwenye lango letu, nikamkuta amesimama na wageni wawili wa kanisani, nikapunguza mwendo ili nisalimie kwa heshima. Piki ikazimika, ikalala ubavu, na mimi chini yake. Sikuwa nakimbia. Nilianguka nikiwa karibu nimesimama, ambalo ndilo anguko la aibu kuliko yote. Mama mkwe hakucheka, angecheka ningemsamehe. Aliokota mkate, akaupangusa vumbi, akamshika Keza mkono, wakaingia ndani.

Shemeji yangu Dieudonné alicheka kwa niaba ya ukoo mzima. Alisema mwanamke anajua piki ya kwenda mbele tu, ile ya polepole inataka mwanaume, na kwamba ingekuwa busara nimwachie yeye ufunguo. Ufunguo nikauweka ndani ya unga wa muhogo. Akautafute.

Gasenyi hadi Buyenzi, Jumamosi sita

Safari ya Rumonge ni ya siku moja, lakini yangu ilianza wiki sita kabla, kwa kuvuka mji tu, kutoka kwetu Gasenyi.

Mnajua tunavyoendesha sisi wa mji huu tangu foleni za mafuta zianze. Ukiona mteremko, unabana kishikio cha kushoto chote, ile ambreyaji. Injini inaachana na gurudumu na we unaserereka bure kama jani. Ukiona watu mbele, unabana. Ukikaribia kona, unabana. Kuna wanaozima injini kabisa na kushuka kimya kama wezi. Kila tone ni lako, umelilalia kwenye foleni. Mi nilijifunza piki katikati ya foleni hizo, kwa hiyo nilijifunza vitu viwili: kubana yote na kuachia yote. Kama mlango, umefungwa au uko wazi.

Nilikwenda Buyenzi kunyoosha kishikio kilichokuwa kimepinda tangu siku ile ya mkate. Fundi ni Mzee Hamisi, mtu wa kofia nyeupe na vidole vyeusi, karakana yake haina mlango wala dirisha, ni bati tu na masufuria ya oili chini yake. Alikitazama kishikio, akatazama kovu la kiwiko changu, hakuuliza nilianguka vipi. Alisema nilikuwa naenda polepole na nilikuwa nimebana. Nikamuuliza nani kamwambia. Akanionyesha sanduku la vishikio vilivyopinda, vyote vya kushoto, akasema hao wote wameanguka mbele ya milango yao. Foleni za mafuta, alisema, zimeharibu mikono ya mji mzima.

Halafu akaniambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo:

"Piki ikienda mbio inajisimamia yenyewe, mama. Ikienda polepole ni we unaisimamia. Sasa we ukibana yote, umeiachia. Unataka isimame na nani?"

Mbele ya karakana kuna kijimwinuko kifupi kinachotoka kwenye mtaro hadi barabarani, kimejaa changarawe. Mzee aliniweka pale katikati, pua ya piki juu, akasema nisiguse freni yoyote. Niiachie ambreyaji taratibu mpaka sauti ya injini iiname kidogo, kama mtu anayeanza kubeba mzigo, na hapo nishike, nisiongeze wala nisipunguze. Piki isipande, isirudi nyuma. Isimame pale kwa mkono wangu tu.

Akaketi na chai yake ya tangawizi.

Nilizima mara kumi na tatu. Katika hizo niliruka mbele mara mbili, mara moja hadi karibu na chai. Mara ya kumi na nne ikasimama. Nilisikia ile sauti ikiinama, nikasikia gurudumu likisukuma na mlima ukisukuma, na mi niko katikati nimewashika wote wawili kwa vidole. Ilikuwa tamu. Halafu nikakumbuka kipimo cha tangi. Nilikuwa nachoma mafuta ili nisiende popote. Siku mbili za foleni, nasimama nayo kwenye mtaro wa Buyenzi. Nikambana Mzee kwa maneno, nikamwambia masomo yake ni ya watu wa mwaka wa zamani.

Akashusha kikombe. "We mama, unapenda petroli kuliko mutoto?"

Nilikuwa nimemwambia habari za Keza, lakini si ili anipige nazo. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto, nikaamua kuondoka nisirudi tena. Lakini ili kuondoka ilibidi nikipande kile kijimwinuko, na juu yake alikuwa anapita mtu na mkokoteni wa matofali, kwa hiyo nikakipanda nyuma yake kwa mwendo wa matofali, nikinung'unika, jicho kwake, mpaka juu. Sikuzima. Mguu haukugusa chini. Nyuma yangu nikamsikia Mzee akisema bila kuinua sauti kwamba ndiyo hiyo, hiyo hiyo, nirudi.

Nilirudi Jumamosi tano nyingine. Mkono wa kulia, ule wa gazi linaloongeza mwendo, haubadiliki, kama moto chini ya maharage. Mkono wa kushoto ndio unaopika, na unacheza ndani ya nafasi ya unene wa kucha. Mguu wa kulia unagusa freni ya nyuma kidogo tu, kama unamkumbusha mtu bila kumgombeza. Na macho yako mbali. Nilikuwa naangalia gurudumu la mbele, Mzee akaniambia gurudumu halina siri, niangalie ninapokwenda. Nilizunguka masufuria ya oili, nikazunguka mbuzi wa jirani, nikafuata wanawake wanaokwenda sokoni kwa mwendo wao na kusikia habari za ndoa zao zote. Mkono ulivimba, nikawa nakata vitunguu kwa mkono mmoja. Nilipomuuliza lini nitaweza kwenda Rumonge, alisema mkono ukiuma bado, mkono ukisahau niende.

Jumamosi ya sita nilifika karakana nikiwa nimepita mji mzima nikiwaza bei ya sabuni. Sikukumbuka hata mara moja kwamba nina mkono wa kushoto. Akanipungia mkono niende zangu.

Buyenzi hadi Ruziba

Niliondoka Ijumaa asubuhi, tangi limejaa, koti la mume wangu mwilini, kaske, ile kofia ngumu ya piki, kichwani, kitenge kipya kwenye begi. Rohero, katikati ya mji, nikaikwepa kwa pembeni, nikatoka kusini ziwa likiwa kulia kwangu limekaa kimya kama limefanya kosa. Na lilikuwa limefanya: kufika Ruziba maji yamekula ukingo wa barabara, wamemwaga udongo mwekundu juu, na mvua imegeuza udongo kuwa uji.

Mbele kulikuwa na foleni ya magari yanashuka mojamoja. Kimteremko kidogo, hata mtoto angekishuka. Nami, baada ya Jumamosi sita, niliona mteremko nikaona mafuta ya bure. Mkono ulibana wote kabla sijauuliza. Piki ikawa jani. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfuo wa lori, hakukuwa na injini ya kulivuta litoke, na nikalala pale pale, polepole, kwa heshima zote, ndani ya tope la Ruziba.

Wanawake waliokuwa wanaosha mboga za lengalenga mtaroni walikuja watatu kunitoa. Mmoja akauliza kama nilikuwa nimekuja kuoga au napita. Mwingine akasema niachwe, huenda kwetu ndivyo tunavyosalimia. Walicheka hadi wakashikana mabega, halafu wakainua piki kama wanainua kikapu, wakanimwagia maji ya lengalenga miguuni, wakanikalisha juu ya jiwe na kunipa muhogo wa kuchemsha na pilipili. Nilikuwa na hasira ya kutafuna mawe. Lakini muhogo ulikuwa mzuri, na ni vigumu kukaa na hasira yote mdomo ukiwa umejaa.

Pale juu ya jiwe ndipo nilipoelewa. Sikuanguka kwa kutojua. Najua. Nilianguka kwa ubahili. Mwili wangu ulikuwa bado kwenye foleni ya mafuta, na ningeendelea kuanguka mbele ya kila lango hadi niutoe.

Piki ilikuwa nzima, isipokuwa kioo kimoja kilichokuwa kinaangalia mbinguni. Nikaiwasha. Lile tope lililobaki nililipita kwa vitesi ya kwanza, gia ile ndogo kabisa, gazi limetulia, ambreyaji kwenye unene wa kucha, nikichoma mafuta kama tajiri. Wale mama walinipigia makofi, na yule wa kuoga akanisindikiza hadi pakavu, akitembea kando yangu hatua kwa hatua na kunieleza jinsi mume wake alivyoshindwa kujifunza baiskeli.

Ruziba hadi Magara

Hapa sikuwa na haraka tena na njia ikanipenda. Kule Kabezi wafanyakazi wa barabara walitusimamisha kwa bendera nyekundu kwa muda wa kutosha kusuka nywele. Dada mmoja kweli alisukwa, upande mmoja ukaisha kabla ya bendera kushuka. Nilikula mahindi ya kuchoma. Dereva wa lori la saruji aliniuliza kama mume wangu anajua niko wapi. Nikamwambia mume wangu naye ni dereva wa lori, kwa hiyo mimi ndiye nisiyejua yuko wapi. Akanipa ndizi.

Mbele kidogo nikakutana na ng'ombe. Si wawili watatu, ni kundi zima, wenye pembe zile ndefu, wamejaza barabara upande hadi upande, wanakwenda ninakokwenda. Mchungaji alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo mabegani, akanionyesha kwa kidevu kwamba nikitaka kupita nipite na wao. Basi nikaingia katikati yao. Pembe kushoto, pembe kulia, na mwendo wa ng'ombe hauna namba kwenye saa ya piki. Ukiongeza unamgonga wa mbele, ukibana unaangukia wa pembeni. Nikasikiliza injini ikiinama, nikaishika hapo, nikaangalia mbali kati ya pembe, na tukaenda. Mchungaji akatembea karibu nami, akanieleza kila ng'ombe ni binti wa nani na yupi ana kiburi. Yule wa kiburi alilamba tope kwenye koti langu. Tulikwenda hivyo hadi kwenye njia yao ya kupanda mlimani. Mguu wangu haukugusa chini, na sijui kama nimewahi kufurahi hivyo nikiwa mtu mzima na nguo zangu.

Magara hadi Minago, na keki

Baada ya Magara kulikuwa na gari dogo jeupe limefungwa maua, limesimama kando, milango wazi. Limeishiwa mafuta, bila shaka. Dereva amekaa kwenye nyasi anatazama ziwa kama mtu aliyeachwa. Na katikati ya barabara alisimama mama mnene wa heshima, amevaa vazi la imvutano la rangi ya waridi begani hadi visiginoni kama tunavyovaa harusini, mikononi ana sanduku la katoni kubwa kuliko kifua chake. Alinipungia, nikasimama, na kabla sijasema neno alikuwa amekwisha kupanda nyuma, sanduku mapajani.

"Minago, kijana. Haraka, lakini polepole. Ni keki."

Nilikuwa na kaske, koti la mwanaume na tope hadi magotini. Nilitaka kumweleza, lakini harusi ilikuwa inasubiri na keki ilikuwa ya ghorofa tatu, nikaona maelezo yangoje. Nikaondoka kwa utaratibu nilioutumia Buyenzi kumzunguka mbuzi wa jirani. Mama akasema mgongoni mwangu kwamba amepanda piki nyingi za abiria lakini hajaona inayoondoka hivyo, vijana wa siku hizi wanaruka kama vyura. Halafu akaniuliza kama nina mke.

Nikakaza macho barabarani. Akaona nina haya, akafurahi. Akaanza kunieleza mpwa wake, amesoma, anapika, hana maneno mengi, ana kasoro moja tu ya kuimba akilala. Alinieleza kilomita nzima. Aliniuliza kwetu ni wapi, akajijibu mwenyewe.

Kabla ya Minago ziwa lilikuwa limepanda barabarani. Maji ya kifundo cha mguu, urefu wa kama viwanja viwili vya mpira, na chini yake mawe ambayo huyaoni. Upande wa pili watu wa harusi walikuwa wamesimama wanatungoja, na nguo zao nyeupe. Mama alilikumbatia sanduku. Nikasikia anasali, na sala yake ilikuwa ya keki, si yangu.

Kidole changu kilitaka kubana. Nawaambia ukweli, kilikuwa kinawasha. Nikakiambia kimya kimya kwamba leo mafuta ni maji. Nikaweka gazi, nikaliacha hapo. Ambreyaji kwenye mnung'uniko wake, mguu unakumbusha freni ya nyuma, macho kwa bwana mmoja wa tai nyekundu upande wa pili, nisiangalie maji. Jiwe linateleza, unaongeza kucha. Jiwe linapita, unapunguza kucha. Piki inacheza kiuno chini yako na we unaiacha icheze, ila haikuachi. Mkono uliuma hadi begani. Tulikwenda mwendo wa maandamano ya altare, na tulipotoka pakavu wale watu wa harusi walipiga vigelegele kwanza kwa keki, halafu kwa mama, halafu kwangu, nami nikavua kaske.

Yule mama alishuka. Alizunguka mbele anitazame vizuri.

"Bon," akasema. "Basi, habari ya mpwa wangu tuiache."

Ghorofa mbili za keki zilikuwa nzima. Ya tatu ilikuwa nusu sandukuni na nusu mgongoni kwenye koti la mume wangu. Hakuna aliyelalamika. Walinikalisha meza ya wajomba, wakanipa wali, maharage yenye mafuta ya mawese, na mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma ambaye kichwa chake kilitoka nje ya sahani. Bwana harusi alikuja kunishukuru, na bibi harusi akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni vigumu kujifunza. Nikamwambia aanze kabla ya kupata mama mkwe.

Minago hadi Rumonge

Nilifika jioni mapema, jua bado liko juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Nyumba ya mama mkwe iko ndani ya michikichi, mwisho wa kichochoro cha udongo kati ya watu wanaokamua mawese. Harufu hiyo nzito, tamu. Nilikuwa nimejipangia hotuba njia nzima. Nikamkuta Keza uani.

Hakunikimbilia. Miezi saba ni mirefu kwa mtu wa miaka mitatu. Alisimama nyuma ya sketi ya bibi yake akanitazama kama anavyotazamwa mkaguzi. Hotuba yote ikaanguka. Nikachuchumaa tu, kwa sababu ningesema neno ningelia na angeogopa. Akaja polepole, akanizunguka, akaona mgongo wangu. Akachovya kidole. Akalamba.

"Mama iko sukari," akamwambia bibi yake.

Hapo ndipo alipokubali nimbebe.

Mama mkwe alikuwa ananichunguza kuanzia viatu. Tope la Ruziba lina rangi yake na kila mtu wa njia hii analijua. Dieudonné, angekuwa yeye, angesema uongo. Baba Keza angesema nusu.

"Umeanguka," akasema.

"Ndiyo, mama. Ruziba. Mara moja."

"Kwa sababu gani?"

"Nilibania mafuta. Tangu pale sikubania tena."

Akanipa maji ya kuoga, akanipa ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, akanitandikia na Keza. Keza alilala ameshika sikio langu. Nami nikalala nikijua jibu halijatoka, na kwamba kama ni hapana, nitaondoka na piki na nafasi tupu mgongoni, kwa sababu hata mtoto wako humnyang'anyi bibi yake mbele ya majirani ukabaki na ukoo.

Asubuhi mama mkwe alitoka chumbani amevaa nguo za misa na mwavuli. Ilikuwa Jumamosi. Akasema nimpeleke sokoni.

Hajawahi kupanda piki maishani mwake. Alikaa upande, miguu yote kushoto, kama malkia kwenye kiti, na mtu akikaa upande piki nzima inataka kulala upande huo. Mkono mmoja umeshika mwavuli uliofunguliwa, mwingine ameuweka begani mwangu bila kubana. Keza alibaki kwa jirani, akitutazama kutoka uani. Nikawasha. Kichochoro kile kina upana wa mlango, kulia mapipa ya mawese ya moto, kushoto mtaro.

"Polepole," akasema.

Nikaenda polepole. Mwendo wa mtu anayetembea.

"Nimesema polepole."

Nikapunguza hadi mwendo wa ng'ombe. Nikadhani anaogopa, nikataka kumwambia asiogope. Ndipo nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ya mtu aliyeketi kibarazani kwake, anamsalimia mama wa mawese. Anamuuliza goti lake. Anamuuliza binti yake wa Makamba. Tukasogea kidogo, akamsalimia mwingine, akamuuliza mbuzi. Hakuwa anaogopa. Alikuwa anataka kuonekana. Kila mlango ulikuwa na mtu, na kila mtu alihitaji muda wa kutosha kuona mwavuli, nguo ya misa, na mkwe anayeendesha.

Sokoni akaniambia nizunguke bomba la maji. Nikalizunguka. Akaniambia nilizunguke tena, kwa sababu Mama Sylvestre, yule ambaye mwanawe ana gari, alikuwa ndani ya duka mara ya kwanza na hajaona. Nikazunguka tena, gazi limetulia, mafuta yanaondoka, na Mama Sylvestre akatoka na kuona.

"Huyo ni nani anayekuendesha?" akauliza.

"Ni mama wa Keza," mama mkwe akasema. "Amekuja kuchukua mutoto wake."

Hivyo ndivyo nilivyopata jibu, sokoni, likiambiwa mtu mwingine. Nilishukuru nina kaske.

Kurudi

Tuliondoka Jumapili baada ya misa. Mama mkwe alimfunga Keza mgongoni mwangu mwenyewe, kwa kile kitenge kipya. Alikikaza, akakifungua, hakuridhika, akakikaza tena na kupiga fundo juu ya kifua changu kwa vidole vyake vigumu. Alikuwa amemvalisha soksi mbili mbili na kofia ya sufu kana kwamba Bujumbura iko kwenye barafu. Hakulia. Alimwambia Keza asinikere njiani, na mimi akaniambia nikifika kwenye maji nisiwe bahili, na mwezi ujao nije naye, kwa sababu kuna upande wa pili wa soko haujamwona yeye juu ya piki.

Nikawasha. Nikaiachia ambreyaji unene wa kucha, nikasikia injini ikiinama na kumbeba yule mtu wangu wa kilo kumi na nne pamoja nami, bila mtikisiko hata mmoja. Tukapita mapipa ya mawese. Tukapita mtaro. Tulikuwa tumekwisha kutoka kwenye michikichi na kushika barabara kubwa, ziwa kushoto kwetu, nilipomsikia akinigonga mgongo kwa kichwa.

"Mama," akasema, "tunaondoka saa ngapi?"